Kahigi, Mtu wa Chini ya Nyumba ya Magurudumu

Siku hizi fundi hulala chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki moja, wenzake wakiwa juu ya lori hilo hilo wanacheza karata, lakini mwaka wa 1951, hapa kwetu Ihembe, Kahigi hakuingiza hata mkono chini ya gari kabla hajalizunguka mara tatu na kumtoa ndani kila mtu, hata mwenye gari.

Naandika habari zake kwa sababu wanaomkumbuka wamebaki wachache, na hao wachache wanamsimulia vibaya. Wanasema alikuwa na bahati. Mimi niliyefanya kazi naye karibu miaka miwili, nikala naye chungu kimoja, najua hakuwa na bahati kuliko sisi. Alikuwa na taratibu. Ningependa ingekuwa bahati. Bahati ya mtu unaweza kuichukia bila kujilaumu.

Alizaliwa Songambele, upande ambao leo ni wilaya ya Kyerwa na zamani zile wote ulikuwa Karagwe. Baba yake alikufa mapema, kibanja chake cha migomba kikaenda kwa baba zake wadogo, naye akalelewa kwa wajomba. Alipofikia utu uzima hakuwa na hata shina moja la mgomba la kuliita lake. Vita ilipokuja akajiandikisha Keya, jeshi la Mwingereza. Mimi pia nilikwenda kujiandikisha mwaka ule. Daktari akanigonga kifuani, akasikiliza, akaninyooshea kidole njia ya kurudi nyumbani. Kahigi akapelekwa Abisinia, kisha Burma. Alirudi na ufundi wa magari, shati la kaki lenye mifuko miwili, na masharti yake.

Mwaka wa 1950 akaja Mzungu mmoja mpimaji wa miamba, aliyekuwa anatafuta bati katika vilima vya huku. Watu walimwita Bwana Nyundo, maana hakupita jiwe bila kuligonga. Alikuwa na lori kuukuu la jeshi, na pale penye kubebea mizigo alikuwa amejengewa nyumba ya mbao. Nyumba kweli: kitanda, meza ya kukunja, jiko la mafuta ya taa, madirisha mawili yenye wavu wa mbu, na pipa la maji juu ya paa. Mlango ulikuwa ubavuni, na ngazi ya chuma yenye vipandio vitatu. Sisi tuliiita Nyumba ya Magurudumu. Ilipopita barabarani, wanawake waliacha majembe wakasimama kuiangalia.

Kahigi alikuwa dereva na fundi wa nyumba hiyo. Mimi niliandika namba kwenye mawe. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa katekisimu iliyopotea jalada na vipande vya magazeti yaliyofungiwa chumvi dukani, na nilidhani kwamba mtu aliyejifundisha kusoma angekuwa mkubwa katika kambi ile. Haikuwa hivyo. Wageni wakifika walinipita mimi na kalamu yangu, wakaenda kumtazama Kahigi akipangusa taa za gari. Watoto walijua jina lake. Bwana Nyundo alisema naye kama mtu anayesema na daktari.

Kazi yake ya chini ya gari ndiyo watu walikuja kuiangalia, nami nililazimika kuiangalia kila mara, kwa kuwa nilikuwa hapo hapo. Kwanza alitafuta ardhi. Alitembea huku na huku akipiga kisigino chini, na penye sauti ya udongo laini hakusimamisha gari, hata kama pana kivuli kizuri. Kisha akazuia magurudumu mbele na nyuma kwa kabari alizochonga mwenyewe kwa mti wa mushambya. Kisha akaifanya nyumba iwe nyepesi: maji ya pipa yakamwagwa, masanduku ya mawe yangu yakashushwa, watu wakatoka. Hendeli ya kuwashia gari aliichomeka kiunoni mwake kama panga, ili asitokee mjinga wa kuwasha. Jeki aliisimamisha juu ya ubao mpana, na alipokwisha kuinua gari hakuiamini jeki. Alipanga magogo ya mushambya, mawili hivi na mawili vile, kama mtu anayepanga kuni, mnara mmoja kila upande, mpaka yakaifikia fremu ya gari. Halafu akaliegemea gari kwa bega na kulitikisa kwa nguvu zake zote. Likinyamaza, ndipo alipolala chali na kuingia.

Mwisho kabisa alichukua kamba ya mgomba mkavu akaifunga katika ngazi, toka mkono huu wa chuma hadi ule. Maana yake ilijulikana na kila mtu kambini: Kahigi yuko chini, asipande mtu.

Siku moja Bwana Nyundo alitaka kuingia kuchukua kiko chake.

"Bwana, subiri," sauti ikatoka chini.

"Ni kiko tu, Kahigi."

"Kiko hakina uzito, Bwana. Wewe unao."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na Bwana Nyundo akakaa juu ya sanduku la mawe nusu saa nzima, anatafuna jani la nyasi, akingoja kuruhusiwa kuingia nyumbani kwake. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini moyoni niliumia. Nani angeningoja mimi nusu saa?

Nilimwuliza mara moja tu kwa nini anajisumbua hivyo. Akasema huko Burma alikuwa na mwenzake, mtu wa Bunyoro, aliyekuwa chini ya gari la wagonjwa akilitengeneza. Daktari akapanda kuchukua koti. "Koti," alirudia. "Mvua ilikuwa inakuja." Akarudi kuchonga kabari yake.

Kambi yetu ilikuwa kwenye uwanja ulio mbele ya kibanja cha Mzee Rwegoshora, na kibanja hicho kilipakana na chetu. Mzee huyu na baba yangu walikuwa wakinywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja kwa miaka mingi. Alikuwa na binti, Kokuberwa, mrefu, mwenye ulimi mwepesi. Watu walishaanza kumwita baba yangu mkwe wa Rwegoshora kwa utani, na utani wa namna ile kwetu haukuwa wa bure. Nami nilingoja. Siku zile kijana hakujisemea. Wazee walisema, na wazee walikuwa na wakati wao. Nilikuwa na miaka thelathini, nina shamba, nina kahawa inayozaa, najua kusoma. Niliona sina sababu ya haraka.

Kokuberwa alileta maziwa kambini kila asubuhi. Baada ya miezi mitatu nikaona maziwa yanachukua muda mrefu kukabidhiwa.

"Wewe fundi," nilimsikia siku moja, mimi nikiwa nyuma ya masanduku, "nyumba yako ina miguu. Siku moja itakukimbia."

"Ndiyo maana naizuia magurudumu."

"Na mkeo naye utamzuia?"

"Huyo nitampa hendeli. Akitaka kuondoka, ataondoka. Ila aniage."

"Aniage! Utasikia wapi, nawe umejifukia chini ya chuma kama panya?"

"Agonge mara mbili ubaoni. Nitatoka."

Akacheka, akachukua kibuyu chake, akaenda. Nilikuwa na kalamu mkononi na jiwe lililongoja namba. Niliandika namba ile ile kwenye mawe manne.

Kilichofuata ndicho ambacho hata leo nikikikumbuka chakula hakipiti. Kahigi hakuwa na wazee wa kumsemea. Wajomba walikuwa mbali, na baba zake wadogo hakutaka hata kuwaona. Basi jioni moja alikuja, akakaa karibu yangu, akaninong'oneza kwa adabu kubwa kwamba anataka niwe mshenga wake kwa Mzee Rwegoshora.

"Mimi?" nikasema.

"Wewe ni jirani yao. Na unajua kusema, Gosbert. Mimi najua spana."

Alikuwa hajui lolote la baba yangu na kile kibuyu cha lubisi. Hakuna aliyemwambia. Nami ningemwambia nini? Kwamba msichana unayemtaka nami namtaka, ila nilikuwa bado nangoja? Nilikubali. Nilikwenda, nikapewa kahawa ya kutafuna, nikaketi juu ya nyasi laini walizotandaza sakafuni, nikayasema maneno ya Kahigi. Niliyasema yote. Ila nilianza na lile la kwamba hana kibanja.

Mzee Rwegoshora alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa anangoja nijitaje mwenyewe. Kisha akasema, "Mtu asiye na kibanja, binti yangu atalala wapi?"

"Katika ile nyumba ya mbao, Baba. Bwana Nyundo amekubali kumjengea chumba kidogo kwa nyuma."

"Nyumba inayotembea."

"Ndiyo, Baba."

"Nitakuja kuiona. Siku sisemi. Mtu akijua siku utakayokuja, unaona ufagio wake tu, huoni nyumba. Nikiiona nitajibu, na nikijibu nimejibu."

Nilirudi kwa Kahigi nikamweleza hivyo hivyo. Alilala vibaya wiki nzima. Nilimsikia akigeuka geuka. Kila asubuhi aliifagia ile nyumba, akapangusa vioo, kisha akasimama njiani akitazama upande wa migomba ya Rwegoshora. Nami nililala vizuri, maana nilimjua Mzee Rwegoshora. Nilijua hatatoa binti kwa ubao na magurudumu, na atakapokataa, baba yangu atapeleka kibuyu chake.

Mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekatika kwa siku chache, springi ya nyuma ilivunjika kwenye mteremko. Bwana Nyundo alikuwa amekwenda Bukoba na gari la wamisionari. Kahigi alilikokota gari polepole hadi kambini, akaupiga kisigino uwanja mzima mpaka akapata pa kulisimamisha, akafanya taratibu zake zote kana kwamba Bwana Nyundo mwenyewe yupo. Vibarua wengine hawakuwapo; kambini tulikuwa wawili tu. Akafunga kamba ya mgomba kwenye ngazi, akazunguka upande wa pili, ule usiotazama njia, akaingia chini.

Jua lilikuwa limepita utosi. Nilimsikia akigonga pini, ting, ting, ting, kisha akanyamaza, kisha nikasikia jeki ikilia. Alikuwa anainua gari kidogo kutoka kwenye magogo ili tundu la springi likutane na pini yake. Nilijua sauti ile. Nataka niseme sikuijua, lakini niliijua. Kisha akaanza tena kugonga.

Na njiani, kutoka kwenye migomba, akatokea Mzee Rwegoshora, kanzu nyeupe na koti jeusi, na fimbo yake. Nyuma yake Kokuberwa.

Nilisimama. Nikawasalimu, shikamoo Baba, nikapokea fimbo yake.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona nyumba. Mwenyeji yuko wapi?"

Jibu lilikuwa maneno manne: yuko chini ya gari. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile. Badala yake nikasema, "Karibu ndani, Baba. Mgeni haketi juani." Na hilo lilikuwa kweli. Siku zile mtu aliyemwacha mzee kusimama uani, bila kumwingiza ndani na kumpa kahawa ya kutafuna, alikuwa amemtukana; na mzee anayekuja kama mkwe, zaidi. Nilikuwa mshenga, kazi ya kumkaribisha ilikuwa yangu. Hakuna aliyekuwa na lawama ya kunipa. Isipokuwa kwamba kwenye ngazi palikuwa na kamba, nami niliifungua.

Sikutaka afe. Magogo yalikuwapo, nilijua. Nilichotaka ni asikie miguu juu yake afoke, yeye aliyemzuia kila mtu, mpaka Mzungu. Nilitaka amfokee Mzee Rwegoshora. Amwite mjinga mbele ya binti yake, halafu atoke amepakaa grisi, aone ni nani. Hayo tu. Nilikuwa nimeshayaona yote kichwani, na nilikuwa nimeshaona baba yangu anajaza kibuyu.

Mzee alivua viatu kwenye ngazi. Jambo hilo nalikumbuka: alivua viatu, akaviweka sawasawa, kama anaingia katika nyumba yenye nyasi sakafuni. Nikampa kikapu cha kahawa. Akapanda kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaingia, na nyumba ikalala kidogo upande wake.

Mlio haukuwa mkubwa. Jeki iliteleza juu ya ubao, ikaanguka, na gari lote likashuka kwa upana wa vidole vitatu, likakaa juu ya magogo. Vyombo ndani vikalia. Vumbi likatoka chini. Ile ting, ting ikakoma.

Kokuberwa alipiga magoti, akachungulia chini ya gari. "Kuna mtu!" akasema. "Gosbert, kuna mtu huku!"

Kisha ikaja sauti ya Kahigi, polepole, kama mtu anayeongea kanisani. "Nani yuko juu?"

Halafu mzee akasema, "Ni mimi, Rwegoshora."

Nilingoja afoke. Nilingoja kama mtu anayengoja mvua. Kahigi akavuta pumzi, tukaisikia sote.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Uko wapi, mwanangu?"

"Niko chini ya miguu yako, Baba. Nakuomba usisogee."

"Umeumia?"

"Shati limebanwa, mkono wa kulia. Gari limelikalia juu ya gogo. Mkono wenyewe mzima. Lakini siwezi kujivuta, nikijivuta nitatikisa gogo."

"Naweza kukaa?"

"Kitanda kiko kushoto kwako, Baba. Hatua moja. Kaa kama unayekaa juu ya mayai."

Tukasikia mbao zikilia kidogo. "Nimekaa," mzee akasema. Kisha, baada ya muda: "Nina kahawa mdomoni. Naweza kutafuna?"

"Tafuna, Baba. Ila isiwe kwa nguvu."

Kokuberwa aliangua kicheko, machozi yanamtoka, amejishika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilisimama pale. Sikuwa nimesogea hata hatua.

"Gosbert, uko hapo?" Kahigi akaita.

"Niko."

"Jeki ndogo iko katika sanduku la zana, na ubao wake. Lete upande wa kushoto, mbele ya lile gogo la nyuma. Ubao kwanza. Ukiweka ubao, upige kisigino. Ukisikia unazama, usiweke jeki, tafuta pengine."

Nilifanya. Mikono yangu ilifanya kazi kama mikono ya mtu mwingine. Niliweka ubao, nikaupiga kisigino, nikasogeza, nikapiga tena. Nilipochutama kusimamisha jeki, Kokuberwa alikuwa kando yangu ameshika kabari. Akautazama mkono wangu wa kushoto. Ile kamba ya mgomba ilikuwa bado humo, nimeikamata pamoja na mpini wa jeki.

"Hii ilikuwa wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Alinitazama usoni, si kwa muda mrefu. Kisha akaikunjua toka vidoleni mwangu, akaenda kwenye ngazi, akaifunga tena kati ya mikono miwili ya chuma, ingawa baba yake alikuwa ndani tayari. Akarudi, akashika kabari yake.

Juu, mzee alikuwa ameanza mazungumzo. Watu wa zamani walikuwa hivyo. Hata wakiwa hatarini hawakukaa kimya na mwenyeji.

"Magogo haya uliyapanga lini, mwanangu?"

"Kabla sijafungua tairi, Baba."

"Jeki ilikuwa haitoshi?"

"Ilitosha."

"Sasa ya nini?"

"Kwa ajili ya mtu atakayepanda."

"Ulijua nitakuja leo?"

"Sikujua ni nani, Baba. Nilijua atapanda mtu."

Mzee akatafuna. Mimi niliizungusha jeki, robo mzunguko, robo mzunguko, kama Kahigi alivyoniagiza, naye akihesabu kutoka chini. "Bado. Bado. Hapo. Acha hapo, Gosbert, ahsante." Ahsante! Nikasikia shati likivutwa, kisha miguu, kisha Kahigi mzima akatoka upande wa pili, amejaa vumbi jekundu, mkono wa shati umechanika toka begani hadi kiwikoni. Hendeli ilikuwa bado kiunoni mwake. Hakuja kwetu. Kwanza alirudisha jeki kubwa, akateremsha gari taratibu mpaka likakaa juu ya magogo, akaliegemea kwa bega akalitikisa polepole, kwa kuwa mzee alikuwa ndani. Ndipo alipokuja kwenye ngazi.

Alisimama mbele ya ile kamba. Fundo halikuwa lake. Yeye alifunga fundo la kijeshi, na hili lilikuwa fundo la mwanamke anayefunga mzigo wa kuni. Alilitazama. Kisha akamtazama Kokuberwa, na baada yake akanitazama mimi. Akalifungua bila haraka, akampa mzee mkono, akamteremsha.

Mzee Rwegoshora alivaa viatu vyake. "Gosbert mwanangu," akasema, akiwa ameinama, "hukujua kwamba mwenzako yuko chini?"

Kabla sijafungua kinywa, Kahigi akajibu. "Gosbert alifanya kazi ya mshenga, Baba. Angekuacha juani?"

"Hapana," akasema mzee. "Asingeniacha." Akasimama wima, akachukua fimbo yake kwangu. Alimtazama Kahigi toka kichwani hadi miguuni, lile shati lililochanika, ile grisi. "Nyumba yako ni ndogo. Haina nyasi. Haina shina hata moja la mgomba."

"Ni kweli, Baba."

"Lakini nilikuja kuona mahali binti yangu atakapolala, na nimepaona. Nimepaona kuanzia chini." Akageuka kwangu, mimi mshenga, kama desturi ilivyotaka, maana jibu lilipaswa kupita kwangu. "Mwambie aliyekutuma kwamba nimekubali."

Kahigi alikuwa hatua mbili kutoka tulipo. Nilimgeukia, nikamwambia, "Mzee amekubali." Mimi ndimi niliyeyasema maneno hayo.

Walioana mwezi wa Julai. Nilikula karamu yao, nikapewa paja la mbuzi kama mshenga. Bwana Nyundo aliwajengea kile chumba cha nyuma, na kidirisha chake. Kokuberwa alitandaza nyasi sakafuni humo, zikawa zinabadilishwa kila Jumamosi popote walipolala, Kyerwa au Nyaishozi au kwingineko. Watu walizicheka mwanzoni. Baadaye walizisifu. Kahigi hakunisema kamwe, wala mkewe hakunisema, si kwa mzee, si kwa mtu yeyote, na nimeishi na hilo vibaya kuliko ambavyo ningeishi na aibu. Mtu akikusema unaweza kumjibu.

Mwishoni mwa 1952 Bwana Nyundo alisema mawe ya Ihembe hayana kitu na akahamia upande wa Murongo. Alimchukua Kahigi. Mimi hakunichukua; mwandishi wa namba, alisema, atampata huko huko.

Nilirudi kwenye kahawa yangu. Nilioa baadaye, mwanamke mwema, akafa pamoja na mtoto wa pili wakati wa kujifungua. Mzee Rwegoshora alifariki. Kibanja chake kimegawanywa mpaka hakina jina. Wajukuu wa watu wale hawatandazi nyasi, hawatafuni kahawa, mgeni akija wanamwonyesha kiti cha plastiki uani wanaendelea na simu zao. Na hao mafundi wa barabarani, nikiwapita naona miguu inatoka chini ya malori, hakuna gogo, hakuna kabari, jeki imesimama kwenye matope. Nimewahi kuwaambia. Walicheka, mmoja akaniita babu wa magogo. Kahigi wangemsikiliza, nadhani. Hata hapo angenishinda.

Mara ya mwisho niliwaona mwaka wa 1957. Nilikwenda Murongo kwa baiskeli kutafuta soko la kahawa ng'ambo ya mto. Pale mtoni Kagera magari yalikuwa yanangoja kivuko, na Nyumba ya Magurudumu ilikuwa ya tatu katika mstari, imepakwa rangi ya kijani mpya. Wao walikuwa wamekaa chini, upande wa kivuli, migongo yao imeegemea gurudumu. Kahigi alikuwa ameanza mvi. Kokuberwa alikuwa anamenya ndizi za kuchoma, zinamchoma vidole, anazirusha toka mkono huu hadi ule, anasema neno fulani ambalo sikulisikia kwa sababu ya maji. Alikata ndizi moja vipande viwili. Akavipima kwa macho. Akampa kile kikubwa, na kabla hajala chake akachukua ncha ya kitenge akampangusa Kahigi grisi nyuma ya sikio, yeye akiendelea kutafuna, hata hakugeuka, kama mtu aliyezoea kupanguswa.

Nilikuwa karibu kiasi cha kuwaita. Niligeuza baiskeli, nikapanda kilima kwa miguu nikiisukuma, kahawa yangu yote ikiwa bado imefungwa nyuma.